Dunia Haijui Ijumaa

Likasi, Jumamosi tarehe 3 Juni 1995

Kwa Mjomba Barthélemy,

Leo ni tarehe tatu ya mwezi wa sita, na nimeapa juu ya daftari langu la hesabu kwamba nitakuambia yote, hata yale ambayo Mama angesema si ya kuandikwa. Barua hii ataibeba Sista Danielle, mwalimu wetu wa hesabu, anayepanda ndege kwenda Bukavu wiki ijayo. Posta ya hapa imebaki mlango tu, na mbuzi wawili ndani.

Nakuandikia wewe kwa sababu kazi yako ni kusoma sindano inayochora matetemeko ya ardhi, na mimi nimetengeneza chombo changu. Ni chupa tatu zilizosimama kichwa chini juu ya kigae nyuma ya jiko. Ya bia ni ndefu na huanguka upesi. Ya limonadi ni ngumu zaidi. Ya tatu ni ile ya dawa ya kikohozi, fupi na pana mdomo, na haijawahi kuanguka. Nimezizungushia majivu ili zisivunjike na ili nione zimelalia upande gani. Kuku tumewafungia.

Tangu tarehe 19 Aprili chupa zimeanguka mara kumi na moja. Mara zote ilikuwa Jumatano au Ijumaa, saa tisa alasiri au karibu yake, na zililalia upande wa kaskazini. Siku nyingine hakuna kitu. Mjomba, je, haya ni matetemeko madogo yanayotangulia kubwa? Kama ndiyo, kubwa litakuja siku gani?

Sasa nieleze kwa nini nina haraka. Nimemaliza mwaka wa pili wa sekondari na ni lazima nichague njia. Mimi nataka hesabu na fizikia. Baba anataka nisome ushonaji, kwa sababu cherehani ya marehemu Nkambo, mama yako, iko tayari pale sebuleni, imefunikwa kwa kitambaa. Karatasi ya shule inataka sahihi yake kabla ya tarehe 31 Agosti. Nilipomwonyesha chupa, alisema:

“Sayansi ya kungoja chupa ianguke? Hata mulevi anaijua.”

Nikamjibu kwamba sayansi inaweza kusema jambo kabla halijatokea. Akacheka, akaweka kofia yake ya kazi mezani.

“Basi uniambie kitu moja mbele haiyafika. Moja tu. Ikifika, nitasaini. Isipofika, weye na ile mashine ya Nkambo mutazoeana.”

Mama alikuwepo, amesikia.

Jirani yetu Pasta Éphraïm naye amezitazama chupa. Anasema mwisho umekaribia. Amesema hivyo tangu mwaka jana, lakini sasa anazo chupa.

Wako mtiifu,
Mélanie Kalenga

*

Kituoni, 19 Juni 1995

Mpendwa Mélanie,

Samahani kwa masizi. Karatasi za ofisi ziliisha mwaka jana, mshahara ukazifuata, kwa hiyo nakuandikia nyuma ya karatasi ya sindano. Karatasi hii tunaipaka moshi wa taa ya mafuta ili sindano ichore mstari mweupe. Ukiona mawimbi upande wa pili, usiyapanguse kabla hujayatazama. Ni tetemeko la mbali sana, la chini ya bahari. Lilitufikia hapa mlimani nikiwa nakunywa chai, na sikuhisi kitu.

Anayetabiri tetemeko lazima aseme mambo matatu: mahali, siku na ukubwa, na aandike kabla. Akikosa moja, huyo ni mtu wa maneno tu. Mahali, sisi tunajua kidogo. Toka maziwa yetu huku, kushuka Tanganyika, mpaka Upemba na Mweru karibu nanyi, ardhi inaachana polepole kama mshono wa suruali ya zamani. Naweza kukuambia kwamba makubwa yamepita hapo na mengine yatapita. Siku siijui, na aliye na mashine nzuri kuliko yangu haijui pia. Wenzetu wa nchi nyingine wametazama maji ya visima, gesi inayotoka mwambani, nyoka, bata. Bata walipiga kelele, hakuna kilichotokea. Ardhi ikatetemeka, bata wamelala.

Kwa hiyo kuhusu tetemeko kubwa usimwahidi baba yako kitu.

Lakini chupa zako zimeninyima usingizi. Mwanangu, dunia haijui Ijumaa. Haina kalenda, haina saa. Kitu kinachotokea Jumatano na Ijumaa saa tisa kinatoka kwa mwenye kalenda. Mtafute. Waulize majirani wanasikia nini saa hiyo. Na kama una uhakika na mwendo huo, andika utabiri wako wa chupa peke yake, uubandike mlangoni kabla ya siku, kisha uwaite watu. Ukikosa, andika pia kwamba umekosa. Hilo ndilo linalouma, na ndiyo kazi yenyewe.

Mjomba wako,
Barthélemy

*

Likasi, Jumamosi tarehe 8 Julai 1995

Kwa Mjomba Barthélemy,

Nimekosa. Nimeanza na hilo ili nisije nikalizunguka.

Barua yako ilifika tarehe 29. Nilifanya kama ulivyosema. Niliwauliza majirani tisa wanasikia nini saa tisa ya Jumatano na Ijumaa. Wote walisema hawasikii kitu. Mke wa Pasta alifikiri sana, akasema, “Hakuna kitu, binti. Ni saa tisa tu.” Niliandika: *hakuna*.

Kisha nikabandika karatasi mlangoni: *Mahali: nyuma ya jiko la Kalenga Stanislas. Siku: Ijumaa 7 Julai, kati ya saa nane na nusu na saa tisa na nusu. Ukubwa: chupa ya bia na ya limonadi zitaanguka. Ya dawa haitaanguka.*

Baba aliisoma mara mbili. Kisha akasema ni yeye atakayekuwa mwamuzi, kwa hiyo siku hiyo haendi kazini.

“Na kazi?” Mama akauliza.

“Kazi itaningoja.”

Mama akainamia chungu, mabega yakimtikisika. Nilidhani ni moshi.

Ijumaa ilipofika Baba alivaa koti lake la kanisani, akaketi mbele ya chupa, saa yake ya mkononi juu ya goti. Pasta Éphraïm alikuja na kiti chake na waumini wanne. Saa nane na nusu watu walikuwa wengi hadi kwenye mtaro. Saa tisa nzi alitua juu ya chupa ya bia. Pasta akasema nzi asihesabiwe. Nikasema hahesabiwi.

Saa tisa na robo. Saa tisa na nusu. Chupa zilisimama kama askari wa zamani, Mjomba, wale waliokuwa wakilipwa.

Pasta aliinuka, akakung’uta suruali.

“Tulifunga siku tatu. Tetemeko imekatazwa.”

“Pasta,” Mama akasema, “si weye ulisema itafika?”

“Nilisema. Na ingefika. Njo maana tuliikataza.”

Watu walimshukuru, wakaondoka naye. Mimi nilichukua daftari nikaandika: *7 Julai, hakuna.*

Lililonishangaza ni Baba. Sikumsikia akicheka. Alikuwa anazitazama chupa kama mtu aliyekanyaga kifaranga. Jioni alinipa kichwa cha samaki wake, ambacho hajawahi kumpa mtu, akasema, “Jaribu tena Jumatano. Siku ile minye siko mwamuzi. Niko na kazi.”

Nimebandika karatasi nyingine, lakini watu hawaisomi tena. Sista anarudi huko Jumatatu kwa mkutano wao. Nimemwomba akungojee ujibu.

Wako aliyekosa,
Mélanie

*

Likasi, Jumapili, 9/7/95

Shemeji Barthélemy,

Jambo yako. Ni minye Stanislas. Soma hii barua peke yako, halafu uichome. Nimemupa Sista, nikamwambia ni habari ya dawa ya mugongo.

Unajua minye niko fundi wa baruti, miaka kumi na tisa kwa kampani ya madini. Shimo yetu ilifungwa mwezi wa pili. Bakubwa balisema, mungoje kwenu. Shemeji, minye sikumwambia Berthe. Kila asubui navaa nguo ya kazi, nabeba chakula yangu, natoka kama zamani. Naenda Kamatanda. Kule batu banachimba malakiti, ile mawe ya kijani ya shaba, na mikono, mawe inabashinda, banaitaji muntu wa kupasua. Hatuna ruhusa. Jumatano na Ijumaa, saa tisa, njo minye.

Utauliza, kwa nini saa tisa? Kwa sababu kampani ilikuwa inapasua saa tisa tangu baba zetu. Batu ya Likasi hawaisikii tena. Ukipasua saa ine, polisi batakimbia kuja. Ukipasua saa tisa, banasema, a, saa tisa, na banaendelea kukula.

Sikujua kama kuna muntu anahesabu. Na huyo muntu ni mutoto wangu.

Ile Ijumaa nilikaa pale mbele ya chupa, nikaelewa. Nikasema, Stanislas, hizi chupa zinakungoja weye. Minye niko hapa kama mwamuzi, na pale hakuna wa kuwasha. Nilimuona mutoto anaandika *hakuna*, na uongo ulikuwa wangu.

Sasa nisaidie. Ile karatasi yake inasema chupa mbili zianguke, ya dawa ibakie. Weye uko na sindano, unajua hesabu ya vile bintu. Chupa ya limonadi inaomba baruti ngapi, kutoka Kamatanda mpaka kwetu? Sitaki kuzidisha. Alisema ya dawa haitaanguka, isianguke.

Ushonaji, minye naona ni kazi ya usalama. Kampani inakufa, lakini batu batavaa nguo. Njo sababu, si kwa ubaya.

Shemeji wako,
Stanislas

*

Likasi, Jumapili

Kaka,

Sista anasema mfuko wake una nafasi, basi nami naandika. Stanislas anadhani sijui. Tangu Pasaka suruali yake inarudi na vumbi la kijani. Kule kwa kampani alikokuwa, vumbi lao lilikuwa jekundu. Mimi ndiye ninayefua. Namwachia siri yake kwa sababu ni nguo ya mwisho aliyobaki nayo.

Lakini karatasi ya Mélanie lazima isainiwe, na si kwa ajili ya hesabu peke yake. Cherehani ya Mama yetu niliiuza mwezi wa tano, tukala unga. Chini ya kile kitambaa kuna matofali sita. Stanislas huyapangusa vumbi kila Jumapili kwa heshima.

Usimwambie mtu.
Berthe

*

Kituoni, 21 Julai 1995

Shemeji Stanislas,

Barua yako nimeichoma. Baruti ya kuangusha chupa ya limonadi siijui, na ningeijua nisingekuambia. Usimpikie mtoto majibu. Akigundua siku moja, ataacha kuiamini chupa, na baada ya chupa ataacha kukuamini wewe. Mwambie kwa mdomo wako, mbele ya mama yake. Nadhani nyumba yenu ni imara kuliko unavyofikiri. Mengine siwezi kusema, nimefungwa mdomo kila upande.

Barthélemy

*

Kituoni, 21 Julai 1995

Mélanie,

Hujakosa kama unavyodhani. Chupa zikikataa kuanguka, hilo nalo ni tukio, tena ni tukio adimu kuliko yote uliyoniletea. Ulipaswa kuandika kwamba hazikuanguka, na chini yake uandike siku hiyo ilikuwa na nini ambacho siku nyingine hazina. Rudi kwenye daftari. Mimi nimekaa hapa, na sindano yangu inapokea kutoka kila upande. Kazi ya sindano ni kuchora, si kusema.

Mjomba wako

*

Likasi, Jumanne tarehe 15 Agosti 1995

Kwa Mjomba Barthélemy,

Nakumbuka nadhiri yangu ya kusema yote. Shika karatasi vizuri.

Jumatano tarehe 12 Julai, wakati barua yangu ilikuwa bado inakwenda kwako, saa tisa kamili ardhi ilitikisika hata mimi nikaisikia miguuni. Chupa ya bia iliruka. Ya limonadi ikaanguka. Ya dawa ikayumba, ikayumba, ikasimama. Ukuta wa nyumba ya maombi ya Pasta Éphraïm ulipasuka toka dirishani mpaka chini, na wanakwaya wakatoka mbio wakiwa bado wanaimba. Pasta alisema ni adui, kwa sababu saumu ilikuwa imekwisha.

Nilipaswa kufurahi. Utabiri ulitimia wote, mahali, siku, ukubwa. Lakini Baba aliporudi, kabla sijamwambia lolote, kabla hata ya kunawa, aliniuliza:

“Ile ya dawa ilibakia?”

Niliandika swali hilo kwenye daftari, sikujua kwa nini. Barua yako ilipofika nikafungua ukurasa wa tarehe 7 na kuuliza siku hiyo ilikuwa na nini. Ilikuwa na Baba. Ilikuwa Ijumaa pekee Baba alipokuwa nyumbani. Nikatembea mpaka kwa mke wa Pasta, nikamuuliza, “Mama, mlio wa saa tisa ukoje?” Akasema, “Si ule wa mine ya kampani, bum, kama siku zote.” Mjomba, niliwauliza watu tisa, na mimi mwenyewe wa kumi. Tunausikia tangu kuzaliwa, hatuuhesabu. Na kaskazini yetu ni Kamatanda.

Nilimwambia Mama. Akaniziba mdomo kwa mkono wenye unga.

“Nyamaza. Mwache babako avae koti yake ya kazi. Siku itafika atavua mwenyewe.”

Nikanyamaza. Ila kwa Baba sikutaka kudai ushindi wa tarehe 12 ili atie sahihi, kwa sababu sasa nilijua nani aliyeutengeneza. Karatasi ya shule ikabaki mezani bila sahihi, na Baba naye hakuigusa.

Sasa Jumapili iliyopita, tarehe 13. Tulikuwa kanisani sote, Baba kati yangu na Mama, amevaa koti zuri. Tulikuwa kwenye Nasadiki. Mara taa inayoning’inia katikati ya kanisa ikaanza kwenda na kurudi, polepole. Benchi likapita chini yetu kama mkeka unaovutwa na mtu. Vumbi likashuka. Padri akanyamaza, watu wote wakanyamaza, hata watoto. Nilishika mkono wa Baba nikatazama saa yake: saa nne na dakika ishirini na tatu.

Taa ilikuwa bado inayumba. Na katika kimya hicho Baba, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema na watu walio shimoni, akasema:

“Haiko minye.”

Kanisa zima likageuka.

“Minye niko hapa,” Baba akawaambia. “Munaniona. Niko kwa misa.”

Mama akamvuta koti, akasema taratibu, “Stanislas, keti. Tunajua.”

“Munajua nini?”

“Kamatanda. Tangu Pasaka. Keti.”

Akaketi. Padri akaendelea na Nasadiki alipokuwa ameachia, lakini watu walikuwa wanamwamini Baba yangu zaidi.

Tuliporudi, mimi ndiye niliyetangulia nyuma ya jiko. Zote tatu, Mjomba. Hata ya dawa ya kikohozi. Na hazikulalia kaskazini kama siku zote. Zote zimelalia mashariki, zimepangana kama watoto kitandani. Baba alichuchumaa mbele ya chupa, akavua kofia. Alitazama muda mrefu, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine.

“Kwa hii,” akasema, “minye ningehitaji treni nzima ya baruti.”

Kisha aliingia ndani, labda kutafuta mahali pa kukaa peke yake, akaegemea cherehani ya Nkambo. Kitambaa kikateleza. Nilimsikia akihesabu mpaka sita. Mama akamwambia, “Cherehani uliila kama ugali, tangu mwezi wa tano.” Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Baba.

Lakini haijaisha. Mtaa sasa unasema tetemeko la Jumapili ni la Baba. Pasta anataka atengenezewe ukuta, na kusema kweli ufa wa Julai ni wa Baba, ameshaukubali, ataujenga kwa yale matofali sita na mengine. Lakini Jumapili nyumba ya maombi imepata ufa wa pili, na mkuu wa mtaa amemwita Baba Jumatatu tarehe 28. Wanasema alitega baruti kabla ya misa. Baba aliwaambia, “Mutoto wangu iko na chupa, zilianguka upande ingine.” Wakacheka. Akasema, “Basi mungoje. Shemeji yangu iko na sindano.”

Kamatanda haendi tena, walau mpaka mambo yatulie. Anasema anaweza kufundisha vijana wa pale wasijiue kwa mawe. Mama anasema tutaona.

Jana Mama aliniuliza kama jingine litakuja. Nilitaka sana kumwambia siku. Nilimwambia kwamba madogo huenda yakafuata kubwa, kwamba ardhi yetu ni ile inayoachana, na kwamba siku siijui, wala wewe huijui. Pasta yeye ametoa tarehe, ni 3 Septemba. Mama akafikiri, akahamisha vyombo vya udongo toka rafu ya juu mpaka ya chini, na kitanda cha mdogo wangu akakisogeza mbali na ukuta. Baba alimtazama akifanya hivyo, akaniambia:

“Njo hii sayansi yako? Kuhamisha masahani?”

“Njo hii, Baba.”

Akachukua karatasi ya shule na kalamu. Akaandika jina lake lote, Kalenga Stanislas, lakini pale pa sahihi akasimamisha kalamu. Akasema mtu anayeshitakiwa hawezi kutia sahihi kitu, itaonekana amenihonga nimtetee kwa chupa. Sindano ikimtoa hatiani, atasaini siku hiyo hiyo, hesabu na fizikia, si ushonaji. Karatasi iko ndani ya Misale yake, kitabu chake cha misa. Zimebaki siku kumi na sita kufika tarehe 31, na Padri aliyekubali kuibeba barua hii anarudi Likasi tarehe 26.

Basi nimekuandikia yote, na nakuomba ujibu kwa mkono wa Padri huyo huyo, hata kwenye karatasi ya masizi. Usinipendelee. Kama ni hapana, andika hapana, nitaiandika kwenye daftari.

Jumapili tarehe 13 Agosti, saa nne na dakika ishirini na tatu asubuhi, sindano yako ilicheza?

Wako,
Mélanie Kalenga